Wembe wa Kukunja na Ndevu za Kipilipili

Mtu mwenye ndevu laini zilizonyooka anaweza kujifunza kunyoa kwa wembe wa kukunja huku ana papara, na bado akatoka salama. Ndevu zake zimelala upande mmoja, na akikosea kidogo atabaki na mkwaruzo utakaopona kabla ya Ijumaa. Sisi wenye ndevu ngumu za kipilipili hatuna bahati hiyo. Unywele wetu hutoka kwenye ngozi ukiwa umekwisha kupinda, huu unaelekea sikioni na jirani yake anaelekea kooni, na ukinyolewa ovyo leo, deni linadaiwa keshokutwa: shingo imejaa vipele na kola ya shati haivaliki. Kwa hiyo anayetaka kujua kinyozi fulani ni fundi wa kiasi gani asimtazame akimnyoa mtu mwenye ndevu za hariri. Amtazame siku ambayo mmoja wetu amekaa kitini.

Nimewatazama wengi, na kujinyoa mwenyewe kwa wembe huo nimejifunza, lakini mkono ninaoukumbuka kila ninapofungua mpini ni wa mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga. Kibaraza chake kilikuwa na kiti kimoja cha mbao, kioo kilicholiwa na chumvi ya bahari pembeni, na mkanda wa ngozi ya ng'ombe uliotundikwa kwenye msumari wa fremu ya mlango. Nilikuwa kijana, na ndevu zangu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kunipa taabu. Ukimwamkia "Shikamoo mzee" alikuitikia "Marahaba" bila kuinua macho, maana macho yalikuwa kwenye kazi.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye ule mkanda. Aliushika mwisho wake kwa mkono wa kushoto, akauvuta hadi ukakaza, akaulaza wembe bapa kabisa, mgongo na makali vyote viwili vimegusa ngozi. Kisha akausukuma, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu, kwa sababu makali yakitangulia wembe unachana ngozi, na ngozi nayo inaua makali. Alipofika mwisho aliubiringisha wembe juu ya mgongo wake kwa kidole gumba na cha shahada tu, kiwiko hakikutikisika, akarudi. Sauti ya kwenda na ya kurudi ilikuwa moja. Ikitokea upande mmoja umelia tofauti na mwenzake, alisimama, akauelekeza wembe kwenye mwanga wa mlangoni, akautazama kwa muda. Vinyozi wa kwenye sinema hupigapiga wembe kwenye mkanda kama wanaofukuza nzi. Mzee alikwenda taratibu hata mteja akiwa amekwisha kupakwa povu na anasubiri.

Mkanda haunoi. Ngozi haina uwezo wa kula chuma. Inayanyoosha makali yaliyolemaa kidogo na kuyasafisha, basi. Kunoa ni kazi ya jiwe, tena hufanyika mara chache, na hapa wembe wa kukunja una akili ambayo sichoki kuisifu. Mgongo wake ndio kipimo cha pembe. Ukiulaza kwenye kinoo, mgongo unagusa jiwe na makali yanagusa jiwe, na pembe iliyopo katikati, nyuzi 16 au 17 hivi, iliamuliwa siku nyingi na yule aliyeutengeneza. Anayenoa kisu lazima aibuni pembe kwa mkono wake mwenyewe na kuishikilia hadi mwisho. Anayenoa wembe anatakiwa asiubonyeze tu. Na kwa kuwa mgongo nao unalika polepole pamoja na makali, pembe ile hubaki karibu ileile, wembe ukitumiwa na baba, kisha na mwana.

Mawe ya kiwandani yana namba: 1000 la kuanzia wembe uliochoka kabisa, kisha unapanda hadi 8000 au 12000 la kumalizia, ambalo ukilipapasa hudhani kama linaweza kunoa chochote. Wapo wanaoapa kwa jiwe la manjano la milima ya Ardennes kule Ubelgiji, liitwalo coticule, lenye chembe ndogo sana za ganeti ndani yake, ambalo limechimbwa kwa karne nyingi na kutumika kunolea nyembe. Mzee alikuwa na kijiwe cha kijivu kilichobonyea katikati. Alikilowesha maji na povu la sabuni, na alikitoa kwa nadra sana. Alisema mwenye mkanda mzuri na mkono mwepesi hana haja ya kusumbua jiwe.

Wembe wake ulikuwa wa Sheffield, Uingereza. Jina la mji lilikuwa limechongwa kwenye shingo ya chuma na lilianza kufutika. Sheffield ilivuma kwa nyembe baada ya Benjamin Huntsman, fundi saa aliyekuwa akitafuta chuma bora cha springi, kupata katika miaka ya 1740 njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo hadi kikatoka cha namna moja mwanzo hadi mwisho. Kabla ya hapo kipande kimoja cha chuma kiliweza kuwa kigumu hapa na laini pale, na makali ya wembe hayavumilii ubaguzi huo. Nyembe za Sheffield za zamani zilikuwa nene, karibu kabari tupu. Baadaye Wajerumani wa Solingen, mji ambao jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938, walijipatia sifa kwa kuuchimba wembe pande zote mbili hadi ukabaki mwembamba sana juu ya makali, hata ukiugusa kwa ukucha unalia.

Wembe huo mwembamba ni mzuri kuutazama, na kwa ndevu nyepesi hauna mpinzani. Kwa kidevu cha kipilipili mimi siutaki. Ukikutana na ndevu nene za siku tatu unatetemeka. Unaruka unywele huu, unauma ule. Upana wa nyembe hizi hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Wa kawaida ni 5/8, yaani milimita 16 hivi. Mwenye ndevu ngumu atafute 6/8, milimita 19, wenye nyama kidogo tumboni, ili uzito wa chuma ufanye kazi ambayo vinginevyo mkono ungeifanya kwa kubonyeza. Wangu niliupata mtumbani ukiwa na kutu na mpini uliopasuka. Mipini yenyewe ina historia yake: baadhi ya nyembe za Sheffield zilivalishwa pembe za ndovu, na kwa kuwa katika karne ya 19 Unguja lilikuwa soko kubwa la pembe hizo, si ajabu kama wembe fulani ulioletwa Mwambao dukani ulikuwa umevalishwa kitu kilichoondoka Mwambao mabegani mwa mpagazi. Siku hizi mafundi wa ng'ambo wanaotengeneza nyembe kwa mkono wanaupenda mpingo wetu, na wana haki, kwa sababu hauogopi maji.

Sasa, unywele. Mwaka 2020 watafiti wa MIT kule Marekani walichapisha katika jarida la Science jibu la swali ambalo kila kinyozi ameshajiuliza: unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa kiasi cha mara 50, mbona basi wembe unachoka? Mmoja wao, Gianluca Roscioli, alijinyoa mwenyewe kwa nyembe za kawaida za kutupa, kisha akazitazama kwa hadubini ya elektroni. Wengi tulidhani makali husagika kidogo kidogo. Walichokikuta ni kwamba yanamegeka. Unywele ukikutana na wembe ulioinama, nao una nafasi ya kujipinda, na mahali wanapokutana chuma kikawa na udhaifu mdogo usioonekana kwa macho, kipande kinaruka. Tangu nilipoyasoma hayo nimezidi kumheshimu mzee, ambaye hakuwa na hadubini lakini alitumia nusu ya muda wake wote kuhakikisha kwamba ndevu ya mteja, ikifika mbele ya wembe, haina tena ubavu wa kupigana.

Silaha yake ilikuwa maji. Unywele mkavu ni mgumu ajabu. Ukilowa maji ya moto kwa dakika mbili tatu unavimba na kulainika, na nguvu ya kuukata inapungua sana. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji: methali hiyo tunaitumia kuonyana balaa linapomkuta jirani, ila aliyeitunga kwanza aliijua kazi ya kinyozi. Maji yanatangulia, tena mapema, wembe ukiwa bado uko kwa mwenzako. Mzee alichovya taulo dogo kwenye beseni la maji ya moto, akalikamua, akalitikisa mara moja ili lisiunguze, akamfunika mteja kuanzia chini ya macho hadi kooni na kumwachia nafasi ya pua. Lilipopoa alilirudia. Wateja wengine walisinzia hapo, na hakuwaamsha.

Kisha sabuni. Povu kazi yake ni kuyashikilia yale maji yasikauke, na kuweka utelezi kati ya chuma na ngozi. Povu jepesi lililojaa hewa, la kwenye makopo ya kubonyeza, linapendeza kwenye kioo na kukauka kabla hujamaliza shavu la kwanza. La mzee lilikuwa zito, la sabuni ya kipande iliyosuguliwa ndani ya bakuli la bati hadi ikawa na unyevu unaong'aa, na alilipaka kwa brashi kwa kuzungusha, akizinyanyua ndevu zisimame. Brashi nzuri za bei nafuu nyingi zimetengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, jambo ambalo kwa mtaa wa Waislamu halikuwezekana. Yake ilikuwa ya nailoni. Akasema haina tofauti, na baada ya kujaribu nyingine nakubaliana naye, isipokuwa kwamba ya nailoni inahitaji maji kidogo zaidi.

Lakini nimeruka jambo moja ambalo yeye hakuliruka kamwe. Kabla ya povu, kabla hata ya taulo, alipitisha ncha za vidole usoni mwa mteja, polepole, upande huu na upande ule. Alikuwa anasoma mlalo. Ukipapasa kwa kufuata mlalo wa ndevu, kidole kinateleza. Ukienda kinyume, ndevu zinakukwaruza. Kila mtu ana ramani yake. Mashavuni kwa kawaida zinashuka chini. Chini ya taya zinaanza ubishi: zinakwenda pembeni, zinapanda, zinazunguka mahali pamoja kama si upande wa kushoto wa koromeo basi wa kulia. Mwanafunzi anayejinyoa mwenyewe aache ndevu zikue siku mbili au tatu, aache kioo kabisa, ajipapase gizani hadi aijue ramani hiyo kwa moyo. Mkono unajua mambo ya shingo ambayo macho hayawezi kuyaona. Mimi ninayo sehemu moja chini ya taya ya kulia ambako ndevu zinaota kuelekea sikioni, na nilinyoa miaka mingi kwa mashine za plastiki bila kujua.

Kushika wembe nako kuna adabu yake. Vidole vitatu vinakaa juu ya shingo ya chuma, gumba linashika kwa chini, kidole cha mwisho kinatulia kwenye mkia uliopinda, na mpini umefunguliwa ukasimama nje, usikuzuie. Wembe unalazwa ngozini kabisa, kisha mgongo unanyanyuliwa kiasi cha unene wa migongo miwili. Hiyo ni karibu nyuzi 30. Ukiushusha zaidi ya hapo, makali yanavuta ndevu badala ya kuzikata, na kwa ndevu ngumu utajua mara moja kwa machozi. Ukiupandisha zaidi, unakwangua ngozi. Uzuri wa ndevu ngumu kwa anayejifunza ni kwamba zinatoa taarifa kwa sauti. Pembe ikiwa sawa unasikia mkwaruzo mkavu, mfupi, unaolingana. Pembe ikipotea, sauti inafifia au inakuwa mlio wa kupasua. Mzee alinyoa huku redio imezimwa, si kwa uchamungu, ni kwa ajili ya sauti hiyo.

Mwaka 1769 fundi visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe, kazi ambayo zama zake ilikuwa ya kinyozi. Namwelewa. Tatizo kubwa la kujinyoa ni kwamba uso una pande mbili na binadamu wengi wana mkono mmoja wa maana. Shavu la kulia linanyolewa kwa mkono wa kulia, la kushoto kwa wa kushoto, na mkono wa kushoto mwanzoni ni mjinga kabisa. Dawa ni kuuzoesha bila wembe, kwa kijiko au mswaki, kisha kuupa shavu tu, eneo pana lisilo na hila. Kidevu na sehemu ya juu ya mdomo visubiri. Hapo ndevu ni nene na zimesongamana kuliko popote, na ngozi inapinda juu ya mfupa. Mwanafunzi mwenye busara anaweza kunyoa mashavu kwa wembe wa kukunja na kumalizia kidevu kwa chombo alichokizoea, kwa wiki kadhaa, wala hakuna wa kumcheka.

Halafu kuna mkono wa pili, ule usioshika wembe. Ndio unaovuta ngozi. Vitabu vyote vya wembe wa kukunja vinasema vuta ngozi ikaze, kwa sababu makali yanapita vizuri juu ya uso ulionyooka na kukata ngozi penye mkunjo. Madaktari wa ngozi nao wanawaambia watu wenye ndevu za kipilipili wasiivute, kwa sababu ngozi ikivutwa sana unywele unachomoza, unakatwa, na ngozi ikiachiwa kisiki kinazama ndani. Wote wawili wana haki, na kati ya maneno yao ndiko ufundi wa mzee ulikokaa. Nilitazama kidole chake cha kati: alikiweka juu ya taulo kavu ili kisiteleze, akakigusisha ngozi na kuisogeza kidogo sana, kiasi cha kuondoa mkunjo, na hapohapo akaacha. Ngozi ilinyooka lakini haikukaza. Haki ya Mungu, kuujua mpaka huo kwenye uso wa mtu mwingine, bila kusikia anachosikia yeye, ni jambo ambalo mimi hata kwenye uso wangu linanishinda siku nyingine.

Vipele vya ndevu huanzia kwenye kisiki hicho. Unywele uliopinda ukikatwa kwa mshazari hubaki na ncha kali. Ukikua kidogo nje ya ngozi, ncha inajikunja na kutoboa ngozi pembeni. Ukiwa umekatwa chini ya uso wa ngozi, unatoboa ukuta wa tundu lake hata kabla ya kutoka nje. Mwili unauona unywele wake mwenyewe kuwa mgeni na kuanza kuupiga vita. Hapo tena uvimbe, usaha, na baadaye doa jeusi linalokaa miezi. Nyembe za plastiki zenye makali matatu au matano zimebuniwa makusudi zikate chini: wembe wa kwanza unauvuta unywele nje, wa pili unaukata kabla haujarudi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka huo ni uungwana. Kwetu ni kupanda mbegu za vipele kwa mistari.

Wembe wa kukunja una makali mamoja. Unakata usawa wa ngozi na kuishia hapo, ukiuachia. Lakini kuuachia ndiyo kazi, kwa kuwa wembe huohuo unaweza kwenda kinyume cha mlalo, mara ya pili na ya tatu, ukaacha shavu linateleza kama halijawahi kuota kitu, na mteja akasimama kwenye kioo akijipapasa na kutabasamu. Mzee alipita mara moja kwa kufuata mlalo. Mahali palipobaki pagumu, kidevuni hasa, alipaka povu tena na kupita kwa ubavu, kukingama mlalo, mikato mifupi ya urefu wa ukucha. Chini ya taya hakurudia. Ukipitisha kiganja ulisikia ukakasi kidogo, na wapo wateja waliodhani amechoka au amezeeka. Mmoja alimwambia mbele yangu, kwa heshima, "Mzee, naona hapa pamebaki." Akamjibu, "Pamebaki, ndiyo. Unatafuta shavu la mtoto, mwanangu, na wewe si mtoto."

Ukakasi ule ndio ninaouita ufundi. Kuondoa ndevu zote anaweza yeyote mwenye wembe mkali na kiburi. Kuzikata zote sawasawa, shingo nzima, na kuacha kila moja sehemu ndogo iliyo juu ya ngozi isipate pa kujichoma, kwa chuma ambacho hakina kinga wala kichana cha kupimia, kunahitaji mtu anayeweza kuuzuia mkono wake ungali na uwezo wa kuendelea.

Huko Marekani ujuzi huu una historia chungu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 vinyozi hodari wa miji mingi ya kusini walikuwa Weusi, wengine watumwa, wengine huru. William Johnson wa Natchez, Mississippi, aliyezaliwa mtumwa na kuachiwa huru mwaka 1820, alikuwa na maduka ya kinyozi na aliandika shajara kuanzia 1835 hadi alipouawa mwaka 1851. Naye alimiliki watumwa. Historia haitupi mashujaa waliosafishwa. Alonzo Herndon, aliyezaliwa utumwani mwaka 1858, aliishia kuwa na duka la kifahari la kunyolea mtaa wa Peachtree, Atlanta, na kwa fedha za wembe akajenga kampuni ya bima. Viti vya duka lake vilikuwa vya wateja weupe. Nawafikiria wale vinyozi waliosimama nyuma ya viti hivyo mchana kutwa wakinyoa ndevu zilizonyooka, halafu wakirudi kwao kunyoa nduguzao, ndevu zilizo kama zangu, kazi ambayo haikuwa na kitabu cha kuwaelekeza. Waliyoyajua juu ya mlalo wa kipilipili mengi yalipita mkono kwa mkono.

Kwetu wembe wa kukunja uliondoka vibarazani kwa sababu nyingine. Wembe wa kutupa ulikuwa umeanza kuupunguzia kazi zamani. Kampuni ya King Camp Gillette, ambayo mwaka wake wa kwanza wa mauzo, 1903, iliuza mashine 51 tu, ilikuja kujaza maduka kila kona ya dunia. Lakini vinyozi waliendelea kushika wa kukunja. Kilichouondoa ni UKIMWI. Redio na mabango vilituasa tusichangie nyembe wala sindano, na asiyetii alikuwa mpumbavu. Watu wakaanza kuja na wembe wao mfukoni, ungali ndani ya karatasi yake, kisha mashine za umeme zikamaliza kazi. Mzee hakulalamika. Alinunua kishikio cha chuma kinachofanana na wembe wa kukunja, na kwa kila mteja alichukua wembe mpya wa makali mawili, akaukunja ndani ya karatasi hadi ukavunjika katikati kwa mlio mkavu, akaipachika nusu moja mteja akiwa anaona. Ule wa Sheffield ukabaki wa uso wake mwenyewe.

Vijana wengi wa saluni leo wanatumia kishikio hicho, hasa kwa kuchonga mstari wa shavuni, na wapo wenye mkono mzuri mno. Nusu wembe ni mkali mno, lakini ni mwepesi na hausamehi. Hauna uzito wa kutulia juu ya ngozi wala mgongo wa kukuonyesha umeinama kiasi gani. Mzee aliufidia upungufu huo kwa kufupisha mikato na kupunguza mwendo. Vingine vyote aliviacha vilivyo: vidole kwanza, taulo mara mbili, povu zito, kufuata mlalo, kuishia mapema.

Baada ya wembe, maji baridi, kisha kipande cha shabu kilicholoweshwa. Shabu hufunga vidonda vidogo, lakini mzee aliitumia pia kama mkaguzi. Inauma pale tu ulipobonyeza. Alikipitisha shingoni huku akiutazama uso wa mteja kwenye kioo, na mteja akikunja jicho, alijua ni wapi mkono wake ulikuwa mzito. Anayejinyoa mwenyewe hana mwalimu mkweli kuliko huyo. Wembe nao ukafutwa ukakauka hasa, kwenye viungo vya mpini pia, ukapakwa tone la mafuta ya cherehani. Hewa ya Tanga haihitaji usiku mzima kuweka doa la kutu kwenye makali.

Mara moja alikuja bwana harusi mtarajiwa, siku ya Alhamisi, kuweka miadi ya Jumamosi asubuhi, akitaka anyolewe saa chache kabla ya kwenda kuoa ili uso ung'ae kwenye picha. Mzee akamwambia akae kitini sasa hivi. Yule kijana akabisha, akasema ndevu zitakuwa zimeanza kurudi. "Zirudi," mzee akasema. "Leo nakunyoa zote. Kesho huji. Jumamosi ukija nitakupitishia wembe mashavuni na juu ya mdomo tu. Shingoni sigusi, hata ukija na baba mkwe."